Ua wa maua meupe: mtandamboo, karisa au muraya?

Masika yakikaribia, watu wa mtaa wetu huanza kuulizana habari za miche. Mwaka huu swali limenijia mara tatu ndani ya wiki moja, na kila mara ni lile lile: nataka ua wa miti, mfupi, wenye maua meupe yanayonukia, sasa nipande nini? Ukipita kwenye vitalu vya kando ya barabara hapa Nairobi utaonyeshwa miche mitatu inayojibu swali hilo: mtandamboo, karisa na muraya. Ikiwa bado kwenye viriba, yote ni midogo, yote ina majani ya kijani yanayong'aa, na muuzaji atakwambia yote ni mizuri.

Mizuri ni kweli, ila haifanani kwa kazi wala kwa tabia. Miwili ya kwanza naishi nayo nyumbani kwangu Dagoretti, kwenye udongo mwekundu, na wa tatu niliupanda kwa dada yangu Embakasi, kwenye udongo mweusi, kwa hiyo nimeiona ikinyauka na nimeiona ikistawi. Nitasema mapema ninakoegemea: kwa viwanja vingi vya jiji hili mimi nachagua mtandamboo. Hata hivyo kuna nyumba ambazo ningewaambia wenyewe wasiuguse, na kuna jambo moja la hatari ambalo mnunuzi lazima alijue kabla hajatoa pesa.

Kayaba siuingizi kwenye ulinganisho huu. Ni ua imara, na hata mtaa wa Mukuru Kayaba unabeba jina lake, lakini maua yake ni madogo ya rangi ya kijani-krimu ambayo mtu hupita bila kuyaona. Sisi hapa tunatafuta ua wenye maua, na Kiswahili chenyewe kimeyaweka maneno hayo mawili mahali pamoja, hadi uyapeleke kwenye wingi ndipo nyua zitengane na maua.

Anza na vidole

Jina lililoandikwa kwenye kibao cha kitaluni halitoshi. Chuma jani moja pale linaposhikana na kijiti, usubiri kidogo. Kwa mtandamboo na karisa utaona tone jeupe kama maziwa likijikusanya kwenye kidonda, na ukiligusa linanata. Miti hii miwili ni ndugu wa jenasi moja, Carissa, katika familia ya Apocynaceae, ambayo ndimo walimo pia oleanda na frangipani. Muraya hautoi maziwa. Ufikiche jani lake na harufu ya ganda la chungwa itakupanda puani. Kisha ulinyanyue jani hilo mbele ya jua, utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga kama kitambaa kilichotobolewa kwa sindano. Hivyo ni vifuko vya mafuta, alama ya familia ya Rutaceae, ukoo wa mchungwa, mlimau na mdimu.

Halafu tazama miiba. Muraya hauna hata mmoja. Mtandamboo una miiba iliyonyooka, migumu, mingi yake ikiwa ya ncha moja, na mirefu yake hufikia sentimita 5. Mwiba wa karisa hugawanyika mwishoni ukawa na ncha mbili, mfano wa panda ya manati. Ukiona panda hiyo, hapana haja ya kumuuliza mtu.

Jani lenyewe nalo linasema. Majani ya mtandamboo hutoka mawili mawili yakikabiliana, yana umbo la yai lililochongoka mbele, magumu kama ngozi, na machipukizi yake mara nyingi huwa na wekundu. Ya karisa pia hukabiliana, lakini ni mazito zaidi, ya mviringo zaidi, na hung'aa utadhani yamepakwa mafuta ya kupikia; mwishoni pana kincha kidogo kinachochoma ukikigusa. Muraya umejengwa kwa namna nyingine kabisa. Kile unachokiona kama jani ni jani dogo tu, sehemu ya jani kubwa lenye vijani kati ya 3 na 9 vilivyopangwa kwenye kikonyo kimoja, na majani hayo makubwa hayakabiliani, hupishana kijitini.

Kwa wapenda majina: jenasi ya Murraya na jina Carissa spinarum, ambalo ndilo la mtandamboo, yote mawili yalichapishwa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1771. La kwanza ni la kumuenzi mwanafunzi wake, Johan Andreas Murray. La pili lina maana ya miiba. Vibao vingi vya Kenya bado vinaandika Carissa edulis, jina la zamani la mti huo huo, na edulis maana yake ni kwamba unaliwa. Karisa ya vitaluni ni Carissa macrocarpa, yaani yenye tunda kubwa. Miiba, tunda, na tunda kubwa: majina yenyewe yamekwisha kukupa nusu ya ulinganisho.

Maua yenyewe

Hapa ndipo watu wanapoamua kwa macho, na sioni kosa kwa hilo.

Maua ya mtandamboo hukaa kwa vishada kwenye ncha za matawi. Kila ua ni mrija mwembamba wa sentimita moja na nusu hadi 2, uliofunguka juu kwa petali tano zilizolaliana upande mmoja kama mapanga ya feni. Ndani ni jeupe, nje lina waridi iliyokolea. Kabla halijafunguka, kichwa chake kinafanana kabisa na njiti ya kiberiti, na kishada kizima huwa kama mtu ameshika njiti kumi mkononi, nyingine zimewaka na nyingine bado. Kwa mbali utaona ua la rangi mbili, jeupe na la waridi, na kwangu mimi huo ndio uzuri wake. Asiyetaka ila weupe mtupu hataridhika.

Weupe mtupu ni wa karisa. Ua lake ni kubwa, lafika sentimita 5 kwa upana, petali zake ni nene kama nta, na huchanua machache machache kwa muda mrefu badala ya kumwagika yote kwa pamoja. Mtu akikupigia picha moja ya ua jeupe juu ya jani la kijani kibichi, basi karisa ndiyo itakayoshinda picha hiyo.

Muraya huja kwa vishindo. Unaweza kukaa wiki kadhaa ukiwa kijani tu, kisha mvua inyeshe, na siku chache baadaye kichaka kizima kigeuke cheupe. Ua lake halina mrija mrefu. Lina petali tano zilizoachana na kukunjika nyuma, na katikati stameni zilizosimama. Harufu yake ni ya ua la mchungwa, na jioni isiyo na upepo inafika hadi barabarani. Baada ya siku chache petali huanguka, na asubuhi unafagia kama mtu anayefagia mchele. Aliyewahi kupita Kiambu wakati mibuni imechanua baada ya mvua anaijua ile hali ya shamba kugeuka jeupe kwa mara moja; muraya huifanya hali hiyo mbele ya dirisha lako.

Harufu ya maua haya huwa na kazi pia jua likishazama, nayo ina sababu. Weupe huonekana gizani, na harufu husafiri gizani, kwa hiyo nondo wa usiku nao ni wageni wake. Mrija ule wa mtandamboo na karisa unamfaa nondo mwenye ulimi mrefu. Ukitaka kumwona, zima taa ya nje ya nyumba na ukae kimya nusu saa. Taa ikiwaka usiku kucha, nondo huizunguka taa na kuyasahau maua.

Tunda, na kinywa cha mtoto

Muraya hutoa vitunda vyekundu vya umbo la yai, karibu sentimita moja. Ni vya ndege. Mtoto avione tu.

Tunda la mtandamboo huanza kijani, likawa jekundu, kisha zambarau inayokaribia nyeusi. Ukubwa wake ni wa sentimita moja hivi, ndani mna mbegu chache bapa, na utamu wake una uchachu kidogo mwishoni. Huliwa likiwa limeiva kabisa, laini, maana likiwa bado gumu maziwa yake hunata midomoni na ladha yake huparuza ulimi. Wengi waliokulia mashambani kabla ya kuja Nairobi hawahitaji kufundishwa habari hii. Wakikuyu na Wakamba wanauita mukawa, Waluo ochuoga, Wamaasai olamuriaki, na kila mmoja anakumbuka ulimi wa zambarau na kuulizwa nyumbani alikuwa wapi.

Karisa ndiyo yenye tunda hasa, kama plamu ndogo, jekundu, la mviringo uliorefuka, nalo linaweza kufikia sentimita 5 au 6. Kwao, pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, Wazulu hulila na kulitengenezea jamu, na huliita amathungulu. Lina vitamini C kwa wingi. Lakini usiinunue karisa ya Nairobi kwa ajili ya jamu. Mche mmoja peke yake mara nyingi hutoa maua mwaka mzima bila tunda, kwa sababu ua lake linahitaji chavua ya mche wa asili nyingine, na mingi ya vitaluni imetokana na vipandikizi vya mti mmoja. Mimi nina karisa saba, na mwaka wangu bora nilipata matunda kumi na moja.

Kwa mtandamboo na karisa, kinacholiwa ni tunda lililoiva tu. Majani, magome na maziwa yake si ya kuonja.

Mche usio na mwiba

Sasa lile jambo la hatari. Miaka michache iliyopita nilinunua miche kumi ya mtandamboo kwa muuzaji wa kando ya barabara. Niliipanga kwenye mstari, nikaanza kuchimba. Mlinzi wetu wa zamu ya mchana, mzee wa kutoka Kitui, alikuja kunisaidia kushika kamba. Alipofika kwenye mche wa saba alisimama.

"Mama, huu usiupande."

Nikamuuliza una nini. Akapitisha kidole kwenye kijiti kutoka chini hadi juu, taratibu, kisha akanishika mkono na kunifanya nami nipitishe changu. Hapakuwa na mwiba. Akaufuata mstari wote akipapasa, akautoa mwingine.

"Hii miwili ni ya mishale," akasema. "Kwetu hata kijiti chake hatuchomei nyama."

Ilikuwa msunguti, Acokanthera. Nao ni wa familia hiyo hiyo ya Apocynaceae, una majani magumu yanayokabiliana, una maua meupe yenye waridi na harufu tamu, na una tunda linalogeuka kutoka jekundu kuwa zambarau nyeusi. Ukitaja sifa hizo kwa simu, mtu atakwambia ni mtandamboo. Humea wenyewe kwenye misitu mikavu ya Afrika Mashariki, mahali pale pale mtandamboo unapomea, kwa hiyo aokotaye miche au mbegu porini anaweza kuichanganya bila nia mbaya. Sidhani yule muuzaji alijua.

Ndani ya magome, mbao, mizizi na majani ya msunguti mna ouabain, sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Wawindaji wa Ukambani na wa bara la pwani waliyachemsha magome na vijiti vyake kwa saa nyingi hadi ikabaki lami nyeusi ya kupaka mishale, na lami hiyo iliangusha hata ndovu. Yuko panya mkubwa mwenye manyoya marefu katika nchi yetu, Lophiomys imhausi, anayeyatafuna magome ya mti huu kisha akajipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Mwaka 2011 watafiti walichapisha maelezo ya jambo hilo, na tangu hapo ikaeleweka kwa nini mbwa anayemng'ata huanguka akiwa hoi au akafa.

Kwa hiyo, kwa mtandamboo, mwiba ndio hati yake. Papasa kila mche, mmoja mmoja, usihesabu kwa macho. Ikiwa mche ni mdogo mno haujatoa mwiba, uache huko huko. Ukikuta umechanua, angalia vishada vimekaa wapi: vya mtandamboo viko kwenye ncha za matawi, vya msunguti vimejazana kwenye kwapa za majani kando ya kijiti. Na kwa wale wanaochimba mizizi ya mtandamboo kuchemshia supu, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa kwetu, naomba sana: usichimbe mzizi wa kichaka ambacho hukukiona kikiwa na miiba na matunda. Mizizi ikishaoshwa na kukatwa mezani, hakuna wa kukwambia tofauti.

Mzizi wa mtandamboo wenyewe una heshima yake. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti, wenye watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ndani yake, ulioonyesha maji yaliyochemshwa na mizizi hiyo yakizuia virusi vya herpes maabarani na kwa panya. Panya si mtu, na supu si dawa iliyopimwa. Nataja habari hii kwa sababu nyingine: ukipanda ua wa mtandamboo, jua kwamba kuna watakaokuja kuomba mizizi, na mti unaochimbwa mizizi kila mwezi haukui.

Udongo wa Nairobi si mmoja

Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mvua zake zinakuja mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na katikati, mwezi wa Julai, panakuja ule ubaridi wa mawingu. Hayo ni ya wote. Kinachotutenganisha ni udongo. Magharibi na kaskazini, kuanzia Karen na Dagoretti hadi Runda, uko mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji. Kusini na mashariki, Embakasi na South C na zaidi, uko mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hadi mpasuko unaingia kidole.

Kwenye udongo mwekundu, yote mitatu itakubali. Kwenye mweusi ndipo mambo yanapobadilika, na hapo dada yangu aliumia. Alitaka muraya kwa sababu ya harufu, nami nikaupenda wazo lake, tukapanda ishirini na wawili. Mvua za Novemba maji yalisimama siku tatu. Majani yakaanza kugeuka manjano kutoka kwenye kingo, mishipa ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Tuliweka samadi, tukachimba mifereji, ikapona kumi na miwili, ikafa kumi. Muraya unapenda maji yanayopita, haupendi maji yanayokaa. Karisa ni hivyo hivyo: imetoka kwenye mchanga na miamba ya pwani, inavumilia upepo wa chumvi ambao Nairobi haina, lakini mizizi yake huoza ikikaa kwenye tope.

Mtandamboo hutokea wenyewe kwenye mawe, kwenye vichuguu vya mchwa, kandokando ya misitu mikavu, na utauona pia kwenye vichaka vya Mbuga ya Taifa ya Nairobi bila mtu kuumwagilia. Eneo lake la asili linaanzia Afrika, likapita Arabuni na Bara Hindi hadi Australia, na mti wenye eneo kubwa namna hiyo umekwisha kuzoea mengi. Kwenye udongo mweusi bado nashauri upandwe juu ya tuta la sentimita 30. Mwagilia kwa misimu miwili ya kwanza ya kiangazi, baada ya hapo uuache.

Bei ya uvumilivu huo ni muda. Mtandamboo hauna haraka. Mwaka wa kwanza utadhani umekataa. Unashughulika na mizizi. Wangu ulifika kiunoni mwaka wa tatu. Muraya kwenye udongo unaoupenda utaupita, na karisa itakuwa katikati. Anayejenga nyumba ya kupangisha na anataka ua uonekane umekamilika kabla ya wapangaji kuingia, mtandamboo utamkatisha tamaa.

Mkasi

Yote mitatu huweka maua kwenye ncha za matawi au karibu na ncha. Ukiifahamu sentensi hiyo moja, umefahamu kwa nini nyua nyingi za Nairobi hazichanui. Fundi wa bustani anakuja kila mwezi, anaukata ua mraba kama tofali, na kila ncha iliyokuwa inajiandaa kuchanua inaanguka chini. Mwenye nyumba anasema mti huu hautoi maua. Unatoa, umekatwa.

Mimi hukata mara mbili kwa mwaka, mara tu kishindo cha maua kinapokwisha, na kwa mtandamboo nasubiri ndege wamalize matunda. Hukata matawi marefu tu, nikiyaingia ndani ya kichaka, badala ya kunyoa uso wote. Ua unakuwa na nywele kidogo, si tofali tena, lakini unachanua. Anayetaka tofali kwa lazima achukue muraya, kwa sababu huo majani yake ni madogo na hufunga vizuri hata ukinyolewa, na maua machache yatapita kwenye mkasi. Mtandamboo ukiachwa bila mkasi kabisa hurefuka hadi mita 5, ukaanza kuwaegemea wenzake kama mtambaazi. Ziko aina za karisa zilizozalishwa zitambae chini, nzuri kwa ukingo wa njia, ila si ua.

Kwa yote miwili yenye miiba, vaa glavu za ngozi, za kitambaa hazisaidii kitu. Na vijiti ulivyokata vikusanye siku ile ile. Mwiba mkavu wa mtandamboo unapita kwenye soli ya ndala bila kusita.

Nani apande nini

Mwenye watoto wadogo wanaocheza mpira kwenye baraza, au mzazi mzee anayetembea kwa kushika ukuta, apande muraya. Hauna mwiba, na jioni utamletea harufu hadi ndani. Lakini akiwa na mlimau au mchungwa, ama jirani yake anao, auache. Muraya ni mmoja wa miti inayopendwa sana na Diaphorina citri, kidudu kinachobeba ugonjwa unaofanya machungwa yabaki madogo, yaliyopinda, ya kijani upande mmoja, na mti ukafa polepole. Kidudu hicho kimekwisha kuonekana pwani ya Kenya. Sioni sababu ya kukiandalia nyumba Nairobi. Mti wa majani ya kari ni jamaa wa karibu wa muraya, nao ni wa kuangaliwa vivyo hivyo.

Mwenye lango zuri na nafasi ya mita chache kila upande, anayetaka mgeni asimame aseme kitu, achukue karisa. Hiyo ni ya kutazamwa kwa karibu. Asiitegemee kwa tunda, na udongo uwe unapitisha maji.

Mwenye ukingo mrefu wa kiwanja, mwenye udongo mweusi, asiye na bomba la kumwagilia, anayetaka mbuzi na mwizi wote wasite, na anayependa kuona pasa, wale ndege wa mkia mrefu wanaotambaa matawini kama panya, wakigombania matunda asubuhi, huyo ni wa mtandamboo. Aipande kwa umbali wa sentimita 60 hivi, mistari miwili iliyopishana kama ana nafasi. Asiipande kando ya njia nyembamba ambako watoto wanapita wakienda shule. Na kabla ya kuipakia kwenye gari aipapase yote.

Vitaluni, karisa na muraya utazipata popote. Mtandamboo ni wa kuulizia, kwa sababu wauzaji wengi wanauona ni wa porini na haununuliwi. Uliza wanaouza miche ya miti ya kienyeji, na uagize mapema. Unaweza pia kuotesha mwenyewe: chukua tunda lililoiva kabisa, toa mbegu, osha ute wote, uzipande siku hiyo hiyo. Zikikauka hupoteza nguvu.

Dada yangu aliing'oa ile muraya kumi na miwili iliyobaki, akainipa, na sasa iko nyuma ya jiko langu Dagoretti ikinukia. Mahali pake tulipanda mitandamboo kwenye tuta, yule mzee wa Kitui akija kuipapasa mche kwa mche kabla haijaingia shimoni. Mwaka umepita, haijafika magotini. Juzi kanitumia picha: kwenye kijiti kimoja, karibu na ardhi, vichwa sita vya kiberiti, vya waridi, bado havijafunguka.